Viola ya Chiriku

Tarehe 6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mguu umepungua kuvimba. Sisi huku tupo. Baba Chiriku bado yuko kwenye kambi ya ujenzi wa barabara. Anakuja mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Mimi naendelea na mashati yangu kiwandani. Tangu wanipe usimamizi sikagui mashati tu, nakagua na wanaoyakagua, kwa hiyo wanaonichukia wameongezeka.

Naomba usinipigie simu. Nikiona jina lako linawaka kwenye simu, naigeuza kifudifudi. Ukiwa na neno, liandike, uwape watu wa vifurushi pale stendi. Litanifikia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni lile ua la viola alilolipanda Chiriku alipokuwa anakaa kwako. Ulipotuletea chungu baada ya mazishi, kilikuwa kimefunikwa na maua ya zambarau yenye jicho la njano, mpaka jirani akaniuliza kama ni ya plastiki. Nilikiweka kibarazani, huku ghorofa ya tatu, penye jua zuri la mchana. Sasa matawi yamerefuka, yamelala nje ya chungu, katikati pamebaki kipara. Maua yamekuwa madogo kama vifungo vya kola.

Miezi minne tangu tumzike mwanangu, na hicho ndicho kitu pekee duniani alichokipanda kwa mkono wake. Niambie kama kinakufa. Usinifiche.

Jambo lingine. Begi lake lilirudi bila kijiko chake, kile kidogo chenye mpini wa buluu. Ukikiona nitunzie.

Mwanao.


Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Mguu bado ni wa tembo, lakini unanifikisha bustanini na kunirudisha, na mimi sina safari nyingine. Jirani yangu fundi viatu amepata mjukuu wa tatu, na anavyotamba mtaani utadhani amemzaa mwenyewe.

Baba yako hajambo, nasikia. Nasema nasikia kwa sababu juzi nilipita mbele ya kibanda chake cha kunyoa, akaniona kwenye kioo. Alikizungusha kiti, mteja humo humo na povu lake kidevuni, mpaka wote wawili wakawa wanatazama ukuta. Maskini yule mteja, sijui alidhani amekosa nini. Tangu aliponiambia mbele ya waombolezaji kwamba mtoto amekufa kwa uzembe wangu, hajaniitikia salamu hata moja. Ni mdogo wangu wa pekee yule, nimembeba mgongoni. Inaniuma. Basi, tuyaache.

Viola yako haifi, imechoka. Aina hii inadumu miaka ikitunzwa, lakini haitaki miguu yake iungue, na chungu juu ya saruji mchana kutwa ni sawa na sufuria jikoni. Kihamishie panapopata jua la asubuhi tu. Angalia tundu la chini lisiwe limeziba. Mwagilia kwenye udongo, usimwagie majani, mpaka maji yatokee chini. Weka mboji ujazo wa konzi moja. Kila baada ya siku mbili chuma maua yaliyonyauka, maana ukiyaacha mmea utamalizia nguvu zake kwenye mbegu.

Kisha, na hili lisikie vizuri, chukua mkasi ukate matawi yote, ubakize vidole viwili juu ya udongo. Utaona kama umeiua. Wewe endelea kuipa maji, ukae wiki tatu, itachipua toka kwenye shina. Nimefanya hivyo miaka thelathini katika bustani ya chuo cha ualimu, kwenye matuta ya kando ya njia na kwenye vyungu vya mlangoni kwa mkuu. Kila mwaka mkuu aliniita anifokee kwamba nimemharibia maua. Kila mwaka, mwezi ukipita, anapita pale kimya kama hakusema kitu.

Kijiko sijakiona humu ndani.

Shangazi yako.


Tarehe 30 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimekawia, samahani. Mashine mbili ziliharibika kiwandani na tulikuwa tunafukuzana na siku. Baba Chiriku alikuja. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni, akauliza kwa nini chungu kimehama. Nikamwambia Shangazi ndiye kasema. Akajibu, "Shangazi anajua maua." Kisha akafunga mkoba wake.

Chungu kiko upande wa jikoni sasa. Tundu lilikuwa limeziba kweli, nimelizibua kwa sindano ya kufumia. Majani yamerudia rangi yake. Kulikuwa na vidukari chini ya majani, nimewafuta mmoja mmoja kwa kitambaa na maji ya sabuni. Maua makavu nachuma, lakini situpi, nayaweka kwenye bahasha.

Kukata sitakata. Kila tawi lililomo humo limetoka kwenye kile kipande alichokishindilia kwa vidole vyake mwenyewe. Ulinisimulia alivyokuwa akishindilia huku anakiambia kitulie. Sasa mimi nije na mkasi? Usiniandikie tena habari ya mkasi, nakuomba. Kama una mche mwingine kama huu nitumie, nitaukata huo mpaka uniambie basi.

Kijiko umesema hukukiona humo ndani. Kitafute tena. Nina sababu yangu.

Mwanao.


Tarehe 14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Habari za hapa ni zile zile. Huu ni msimu wa konokono, wakubwa na wale wasio na nyumba, na wote wamekubaliana kwamba bustani yangu ndiyo hoteli. Kila asubuhi naenda na kopo, nawaokota, nawahamishia ng'ambo ya ukuta. Fundi viatu anasema wanarudi wenyewe. Nimemwambia basi angalau wanatembea.

Jana ningependa kukupigia simu, lakini nilijizuia. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Angetimiza sita. Nilikaa barazani nikakumbuka alivyoniuliza kama viola zina meno, na zisipokuwa na meno zinatafunaje. Aliyempa jina la Chiriku hakukosea, mtoto yule mdomo ulikuwa haupumziki. Nyumba hii ina ukimya sasa mpaka naisikia saa ya ukutani. Nimelia jana, mwanangu, nikuambie ukweli.

Nakutumia miche sita ndani ya pakiti za maziwa. Nimeizungushia gazeti bichi, ifungue siku hiyo hiyo. Ni watoto wa viola yake. Kabla chungu hakijaja kwako nilichuma vitumba viwili vya mbegu, nikazisia. Panda minne pale chini kwenye tuta la ngazi za jengo lenu, mmoja na mwingine uachane shubiri moja, na miwili kwenye ndoo yenye tundu. Iliyo ardhini utaimwagilia mara moja moja, ila ndoo ikague kila siku kwa kidole, udongo wa kwenye chombo unakauka upesi.

Kijiko nimetafuta kabatini na chini ya vitanda. Hakimo.

Shangazi yako.


Tarehe 9 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Miche yako imechanua. Nilishuka ngazi asubuhi nikienda kazini nikaikuta. Miwili ni myeupe. Mitatu ni njano iliyopauka. Mmoja una rangi ya maji yaliyofuliwa nguo. Zambarau hakuna.

Nilikaa chini kwenye ngazi, basi la wafanyakazi likaniacha. Nilikuwa nimemwambia baba Chiriku kwamba zitachanua kama ile. Nilikuwa nimemwahidi. Alipokuja akaziona akasema ni nzuri tu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemfariji mwendawazimu.

Umefanya kazi ya maua miaka thelathini. Huwezi kuniambia hukujua. Ulijua hazitafanana, ukaniandikia "ni watoto wake", ukanitumia, ukaacha nizisubiri wiki nane. Unapotaka kitu kiwe sawa, unakiona kiko sawa. Labda na siku ile ilikuwa hivyo hivyo. Labda baba hakukosea.

Ile ya chungu imebakiza matawi manne. Kipara kimekula sehemu yote.

Mwanao.


Tarehe 22 Novemba

Mwanangu,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya mfuko wa mboji, ikakaa huko zaidi ya mwezi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sitaki kukuandikia.

Kuhusu mbegu una haki. Nilijua. Mbegu ya viola inachukua huku na kule, inazaa inachotaka yenyewe. Nilijipa moyo kwamba angalau mmoja kati ya sita utatoka zambarau, uupate, utulie. Nilikukosea, nisamehe.

Mtu akitaka viola ile ile anachukua kipandikizi. Kile kichipukizi cha chini kabisa, chenye urefu wa kidole, ambacho hakijabeba ua, anakikata chini ya pingili, anakichomeka kwenye mchanga mbichi kivulini. Huyo si mtoto wake, ni yeye mwenyewe. Ndivyo Chiriku alivyopata wa kwake, niliugawa mmea wangu mkubwa wa kwenye tuta, nikampa kipande. Ningekutumia vipandikizi vya ule wangu tangu Agosti, lakini mwezi Machi mafundi wa bomba walichimba mtaro katikati ya tuta langu nikiwa nimelazwa na mguu. Niliporudi nilikuta kifusi. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa na ya kukutosha.

Kwa hiyo ulio nao ni wa mwisho. Na vichipukizi vya chini haviji mpaka matawi ya juu yakatwe. Nilikatazwa kutaja mkasi. Nimeutaja.

Kuhusu mengine uliyoandika, unachokijua unakijua, na ninachokijua ninakijua. Mimi sitakiandika.

Shangazi yako.


Tarehe 21 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Leo sitaanza na habari za kazi.

Nimeikata. Siku niliyopata barua yako nilirudi nyumbani na mkasi wa kiwandani, ule wa kukatia nyuzi, nikafunga mlango wa jikoni. Niliyakata matawi yote manne, nikabakiza vidole viwili, vidole vyangu, maana sikujua kama ulikusudia vyako au vyangu. Kisha nikakaa sakafuni nikalia mpaka mwenye nyumba ya chini akapanda kuuliza kama bomba limepasuka. Nikamwambia hapana, nimekata maua. Akaniangalia, akasema pole, akashuka.

Baada ya hapo ikawa kumwagilia visiki na kungoja. Sikuwa na kingine cha kutazama, nikaanza kutazama kile nisichotaka kukitazama.

Ulinipigia simu, Shangazi. Saa nane mchana. Nilikuwa mlangoni mwa ghala, katoni zinapakiwa, mwezi wangu wa kwanza wa usimamizi. Ulisema, "Mtoto anachemka na anashika shingo, simpendi anavyoonekana, nampeleka hospitali." Nami nikakujibu, "Usimpeleke akakae foleni kwa homa ndogo, mpe dawa alale, mimi ndiye mama yake, nitakuja asubuhi." Ukasema, "Una uhakika?" Nikakata simu.

Nilipofika asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Baba alipokutamkia yale mbele ya watu, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Ulinitazama mara moja. Kisha ukatazama chini, ukasema, "Ni kweli, nilichelewa." Nami nikanyamaza. Nimenyamaza karibu miezi kumi na moja. Nimeacha udugu wako na baba uvunjike juu yangu, na bado nikakuandikia labda baba hakukosea. Niliyaandika maneno hayo nikijua. Sijui mtu anayefanya hivyo anaitwaje. Baba Chiriku nimemwambia juzi, ana kwa ana. Alitoka nje. Alirudi. Bado hatujui tutakuwaje.

Pamoja na barua hii nimemwandikia baba, neno kwa neno kama nilivyokuandikia wewe.

Wiki ya tatu iliingia na visiki vilikuwa vikavu, nikasema basi. Siku ya kumi na sita niliona ncha ya kijani, ndogo kama kichwa cha pini. Leo ziko tisa, nyingine zimefika urefu wa kidole. Nilikata vichipukizi vitatu kama ulivyoeleza, vimo humu ndani ya pamba mbichi, ni vya tuta lako. Mizizi ilikuwa imejaa chungu, kwa hiyo nikautoa mmea niuhamishie kwenye kikubwa zaidi, na udongo ulipopasuka kikaanguka kijiko chake.

Kimeshika kutu kidogo shingoni. Mpini bado ni wa buluu.

Sasa nikueleze kwa nini nilikitafuta. Siku moja kabla hajaugua ulimpa simu tuongee. Uliniambia amepoteza kijiko, na mimi nikamwambia, "Ukirudi bila kile kijiko utanitambua." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mwanangu. Sikusema lingine, kengele ya kazi ililia.

Kilifikaje mle, Shangazi?

Mwanao.


Tarehe 5 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Vipandikizi vimefika vibichi, hakuna hata jani lililolala. Umeniandikia nikusamehe bila kuliandika neno lenyewe, nami nakujibu hivyo hivyo. Lakini usinifanye mtakatifu. Kuna siku nilikuchukia. Nilikuwa nikimwagilia nakuchukia, nikipalilia nakuchukia, kisha nikikumbuka ulivyolishika lile begi lake, naacha. Na kosa langu lipo. Niliona shingo ya mtoto kwa macho yangu, nikamtii aliye mbali. Hilo litakuwa langu mpaka nife, hata ukiandika barua mia.

Baba yako alikuja juzi asubuhi. Alisimama kwenye geti, hakubisha, mpaka fundi viatu akapiga kelele kwamba kuna mtu. Tulikaa. Akalia, nami nikalia. Kisha akaniuliza ni kazi gani nifanyiwe, maana mguu huu hauinami. Nikamwonyesha viola nyeupe za kando ya njia, zimerefuka kama nywele za mtu aliyetoka msituni. Akatoa mkasi wake wa kunyolea mfukoni, akazipogoa zote sawasawa, akazipuliza majani kama anayemaliza kumnyoa bwana harusi. Anaijua kazi ya mkasi yule. Tukapanda vipandikizi vyako pamoja, yeye akichimba.

Sasa kijiko.

Tulipokuwa tunapanda, nilimpa Chiriku mboji aweke. Akaniuliza ya nini. Nikamwambia ndicho chakula chake. Akachuchumaa, akaichungulia viola chini ya majani. Akasema, "Bibi, itakula kwa kutumia nini?" Kabla sijajibu amekimbia ndani, akarudi na kijiko chake, akakisimamisha kwenye shimo karibu na mizizi, akafukia. Nilipotaka kukitoa alikishika chungu kwa mikono miwili.

Sikukuambia, kwanza kwa sababu ungefukua, na kufukua mwezi ule kungeua mizizi. Lakini si hiyo tu. Siku ile ulipomfokea kwenye simu, mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na ndimi niliyekuambia kimepotea ilhali nakijua kilipo, kwa kuwa aliniapisha. Alinirudishia simu, akajipangusa vumbi magotini. Nikamwambia, tumweleze mama ukweli, asikasirike. Akakataa. Hakuwa na huzuni, mwanangu, lishike hilo. Alikuwa anacheka.

Kirudishe kwenye udongo, pale pale kando ya mizizi. Na usimlilie kwa yale maneno ya simu, hayakumwingia. Aliniambia hivi, "Bibi usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe nikifika nyumbani."

Shangazi yako.